Hesabu Zilizonyooka Mno

Vienna, 14 Novemba 1926

Kwako kaka Alwin,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumai kile kifua kimekuachia, na wanao huko Graz hawajambo. Sisi wazima, ila moyo wangu umechafuka, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kazi yangu ya maabara unaijua: kukaa gizani na kuchungulia kwenye hadubini cheche zinazotokana na madini ya radiamu. Kila cheche ni atomu moja iliyopasuka na kutema nguvu iliyofungiwa ndani yake. Tunahesabu dakika moja moja, na kengele ikilia mwisho wa dakika ndipo tunaandika. Mwenzangu ni Friederike Zwettler, nami nilianza kumshuku mwezi wa tisa. Daftari langu lilisomeka ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na nne. Lake kumi na saba, thelathini na moja, ishirini na mbili. Nikawaza anasinzia. Asubuhi nilimsogelea nimnuse kama amekunywa. Nilipekua hata mkoba wake. Mwisho nikamshtaki kwa Daktari Hanslik, mkuu wetu, naye akamwambia akae nyumbani mpaka achunguze.

Juzi Daktari akaniita, madaftari yote mawili yapo mezani. Akasema la Friederike ndilo la kweli. Atomu hazipangi foleni. Hakuna ajuaye ipi itapasuka sasa na ipi itakaa miaka elfu, ndiyo maana dakika hii huja nyingi, ile chache. Kisha akauliza taratibu, "Bibi Leopoldine, hizi zako ulizihesabu kweli?"

Nikajibu ndiyo, nikatoka.

Kaka, sikuzihesabu. Tangu Pasaka macho yangu yana ukungu. Niliogopa kufukuzwa, nikawa naandika namba ya kukisia. Na mwenye kuiba huona wezi kila mahali, nikamwandama mwenzangu.

Jana nilikwenda kwake, nikamwambia yote nikiwa bado mlangoni. Akanisikiliza, akanimiminia kahawa.

"Poldi, nilijua tangu Juni," akasema. "Ulikuwa unaandika kabla kengele haijalia. Nikangoja uniambie mwenyewe, wewe ukaenda kunichongea."

Kesho asubuhi tunakwenda kwa Daktari pamoja. Friederike amesema atanishika mkono tukipanda ngazi, na wala sikuwa nimemwambia kwamba vidato sivioni tena.

Mama hajui, niachie nimwambie mwenyewe. Wabusu watoto, na uniombee.

Ni mimi dada yako,
Leopoldine