Kipande cha Kona Kisicho na Nundu

Usa, 9 Agosti 1911

Kwa shemeji yangu Sumari,

Nakusalimu kwa heshima wewe na nyumba yako. Natumaini mama yetu Anyesi ameanza kula tena. Mfikishie shikamoo yangu. Je, mwanangu Marta amepona kikohozi? Bado analala ameshika shuka ya mama yake? Mimi ni mzima wa mwili.

Nipo hapa hapa kwa bwana. Kipande changu cha kazi, ile karatasi ya kuhesabia siku zangu, amekifungia sandukuni, na kila siku zangu zinapokaribia kuisha ananitafutia kazi nyingine. Baraza imekwisha, sasa anataka milango. Anayapenda matao yangu, na kadiri ninavyoyachonga vizuri ndivyo ninavyozidi kukaa.

Siku ya msiba uliniuliza ni kazi gani hiyo isiyomwachia mtu nafasi. Ni vile vipande vya kona vya mbao za mtarakwa vinavyoshika paa la baraza, vilivyopinda kama shingo ya korongo. Mwanzoni nilichora kwa jicho tu, na fundi Naftali wa Moshi akawa ananiuliza kama nachonga au natafuna. Ndipo akanieleza kwamba mpindo ule ni matao mawili, moja limegeukia huku, jingine kule. Pale unapochomeka mguu wa bikari, chombo cha kuchorea duara, kwa kila tao, na pale matao yanapokutana, lazima pote pawe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukikosea hata kwa unene wa ukucha, panatokea nundu. Nilipomweleza dada yako Kaanaeli, aliacha kumenya ndizi, akauchora mpindo majivuni kwa kidole chake cheusi kwa utomvu, akasema korongo wangu ana shingo nzuri ila hana tumbo.

Sasa nimesikia kwamba Jumatatu unakwenda boma kumshtaki bwana kuwa alinizuia kuja wakati dada yako akiwa anakufa. Shemeji, usiende. Watakuchapa viboko kwa kusema uongo, na uongo huo ni wangu.

Habari za ugonjwa wa Kaanaeli zilinifikia Ijumaa. Bwana alisema nimalize kipande kilichokuwa mkononi, kisha niende. Jumamosi adhuhuri kilikuwa kimekwisha, naye akanipa ruhusa. Nikapitisha kidole pale matao yanapokutana, nikaikuta nundu. Kwa macho haikuonekana. Naftali alikigeuza mara mbili, akakiweka chini, akaniambia, "Ubao hauna homa. Nenda."

Nikasema nitakwenda asubuhi. Nikachukua ubao mwingine, nikachora upya, nikachonga, na Jumapili nzima nikaukwaruza kwa kigae cha chupa. Kutoka hapa hadi kwenu ni mwendo wa nusu siku. Mlinieleza kwamba alikata roho Jumapili jioni, akiniulizia. Jumatatu nilipofika mlikuwa mnatoka kaburini. Mama alinishika mikono, akasema najua walikuzuia, mwanangu. Nikakubali. Kisha nikaongeza maneno.

Bwana ana makosa yake mengi, ila hilo si lake. Kipande kile kisicho na nundu kipo juu ya ngazi ya kuingilia. Napita chini yake kila asubuhi, na wageni wanakisifu.

Ukitaka Marta akae kwenu daima, sitabisha. Mama umwambie wewe, kwa maneno utakayoona yanafaa. Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Na jioni mnaposali, ukiweza, unikumbuke.

Ni mimi shemeji yako,
Eliamini