Siku Niliyoikomboa Cherehani

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Sisi hapa Msambweni hatujambo, mamako anavuna mihogo na goti la babu yako limepata nafuu.

Umeniuliza ulipe nani kwanza, mkopo wa simu unaozidi kila wiki au rafiki yako anayekudai kila siku. Nilipokuwa na umri wako nilidaiwa na wawili. Mwenye duka alinidai unga, na kila nikipita alipaza sauti mpaka watu wakageuka. Mkopeshaji alikuwa mpole, lakini deni lake liliongezeka kila mwezi, na alikuwa ameishika cherehani yangu rehani.

Nilipouza korosho, aibu ilinipeleka dukani. Pale mlangoni nikabadili nia.

"Mzee wangu, pesa ninazo, lakini leo sikulipi," nikamwambia. "Nakwenda kuikomboa cherehani. Nikishona, nitakulipa wewe kwanza."

Akanijibu, "Ungeniambia hivi tangu mwanzo, nisingekupigia kelele. Nenda, mwanangu."

Niliibeba cherehani kichwani mchana kweupe, nikapita katikati ya soko, wanawake wakanipigia vigelegele. Njiani niliwaza kwamba yule mpole ndiye aliyekuwa akinimaliza.

Kabla ya Ramadhani kwisha nilikuwa nimeshona nguo za Idi za nusu ya mtaa, na dukani sikudaiwa hata senti. Mwenye duka mwenyewe aliniletea kitambaa cha kanzu, akanilipa kabla sijashika mkasi.

Mwambie rafiki yako ukweli, mjukuu wangu. Dua zangu ziko nawe.

Bibi yako, Mwanamkasi