Daftari Lako na Mpaka Wetu

Marani, Kitutu,
S.L.P. 87,
Kisii.

Jumapili, 19 Mei 1968

Mpendwa ndugu Cleophas,

Nakuamkia kutoka huku juu kwenye baridi, nikitumaini matoke ya Kampala hayajakupasua suruali. U mzima? Kile kifua cha mwaka jana kimekuachia? Sisi hatujambo. Mama yako, mama mdogo Bosibori, ana nguvu za kumrudisha ng'ombe wetu hadi nyumbani na kututukana njia nzima. Dada Esnah amejifungua mtoto wa kiume, naye analia kwa sauti ya Baba kabisa. Mvua haijatuacha tangu Machi.

Lile daftari lako la falsafa ya maadili lilifika, na nimelisoma lote. Usicheke. Ulipoandika "soma, uniambie ni nadharia ipi inakupendeza," najua ulifikiri mtu aliyefukuzwa kidato cha pili kwa kumsahihisha mwalimu ataishia kwenye jalada. Nilifika jalada la nyuma, na njiani nikaona makosa yenu mawili. Tutayafikia.

Kwanza habari. Jumanne kamati ya ardhi inakuja kuweka mpaka kati ya shamba letu na lenu. Kamati hii haipendi maneno mengi. Anachaguliwa mtu mmoja anayeujua mpaka, anautembea kwa miguu yake toka barabarani hadi mtoni, na wazee wanamfuata wakipiga vigingi pale alipokanyaga. Akifika mtoni, imekwisha, serikali inaandika. Baba amenitaja mimi. Mama yako amekubali kwa sababu ananiamini.

Sasa kaa chini kama hujakaa. Ile minyaa ya mpaka haiko mahali marehemu baba yako alipoipanda. Imeingia kwenu hatua sita. Niliihamisha mimi, miaka miwili iliyopita, wiki ile mama yako alipolazwa. Baba aliniambia minyaa imeshikwa na ugonjwa, inataka udongo mpya. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua vizuri kwamba mnyaa hauugui. Nikang'oa, nikapanda. Kipande hicho Baba ameniahidi mimi, nijenge esaiga yangu, maana kijana wa umri wangu hawezi kuendelea kulala kwa mama yake, na mbele yake nipande chai.

Ndivyo mambo yalivyokuwa daftari lako liliponikuta.

Nilianza na wale Waingereza wanaopima matokeo, kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha kubwa kwa watu wengi zaidi. Niliwapenda sana. Kwetu tuko kumi na mmoja. Kwenu ni mama yako na wewe, na wewe unakula huko Kampala. Nikafunga daftari, nikaenda kucheza mpira nikiwa mtu mwema. Kabla sijafika uwanjani nikakumbuka kwamba mpimaji nilikuwa mimi, na esaiga ni yangu. Tena sikuwa nimewahesabu wajane wote wa Marani ambao wakisikia habari hii watakataa kulazwa hata wakizidiwa, wakae nyumbani walinde minyaa. Hilo ndilo kosa lenu la kwanza: mizani ni nzuri, lakini hamkusema aishike nani.

Nikaenda kwa yule Mjerumani. Yeye hataki kusikia habari za matokeo. Anasema kabla hujatenda ujiulize kama ungetaka kila mtu afanye hivyo hivyo. Nikajiuliza. Kila mtu wa kilima hiki akisukuma mpaka wake hatua sita, wa mwisho atakuwa analima ndani ya mto. Nilicheka peke yangu hadi Esnah akaja kuchungulia. Kicheko kikaisha nilipofika pale anaposema mtu asigeuzwe kuwa chombo cha mwenzake. Miaka miwili nimejituliza kwa neno hilo hilo: mimi nilikuwa jembe tu, aliyelima ni Baba. Mjerumani wako anakubali kwamba Baba alikosea kunifanya jembe. Lakini nimetafuta kurasa zote, hajasema popote kwamba jembe limesamehewa.

Wale wanaosema wema ni amri ya Mungu niliwapeleka jana kwa Manasseh, mzee wetu wa kanisa, baada ya somo la Sabato. Nikamwuliza swali lenu: jambo ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa kuwa ni jema? Akanitazama kama anavyotazamwa kuku aliyeingia kanisani.

"Nyasani, umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, mzee. Nauliza tu."

"Kijana ambaye hajaiba huniuliza kama tumekaribia kumaliza."

Kosa lenu la pili ni hilo. Daftari zima halina mtu kama Manasseh.

Aliyenimaliza ni Mgiriki. Yeye anasema tusiulize tu kama tendo ni jema, tuulize linamfanya mtu awe nani, kwa kuwa wema na ubaya huingia mwilini kwa kurudiwarudiwa, kama kupiga chenga. Sasa sikiliza. Kuna mnyaa mmoja ulionishinda kung'oa wakati ule, nikaacha kisiki. Kiko karibu na barabara, kwenye ukingo wa migomba yetu, juu ya mpaka wa kweli. Kila msimu wa mvua kinachipuka na kila msimu nakikata. Mara ya kwanza nilikikata nikitazama nyuma. Machi mwaka huu nilikikata nikipiga mluzi.

Mluzi huo umeninyima raha kuliko Mjerumani na Manasseh wakiwekwa pamoja.

Basi nimeamua. Kimechipuka tena, kinakaribia magoti, na sitakikata. Jumanne nitautembea mpaka wa baba yako. Baba nimeshamwambia, asije akasema nilimvizia mbele ya watu. Amejibu kwamba nikikanyaga vibaya nitafute baba mwingine. Nitakanyaga. Na wewe usiniandikie barua ya shukrani. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha cha mwenzake.

Ijumaa, 24 Mei

Sikuituma. Nilitaka kwanza nijue kama mimi ni mtu wa maneno tu.

Jumanne nilivua viatu. Barabarani watu wote walisimama penye minyaa wakingoja nianze. Nikawapita, nikahesabu hatua sita, nikasimama kando ya kisiki. Mzee Momanyi, mwenyekiti wa kamati, akaniita.

"Kijana, umepotea?"

"Hapana, mzee. Mpaka ni hapa. Hiki kisiki ni cha baba mdogo."

"Na ile minyaa yote pale?"

"Niliihamisha mimi."

"Alikutuma nani?"

"Mikono ilikuwa yangu, mzee."

Momanyi akamtazama Baba. Baba akatazama kofia yake. "Haya, tembea," mzee akasema. Nikatembea hadi mtoni, na nyuma yangu sikusikia kitu isipokuwa nyundo juu ya vigingi.

Mama yako alinizaba kofi moja mbele ya kamati nzima, kisha akanipa uji. Nalala kwenye ghala lake la mahindi, na panya wenu hawana adabu. Ameamuru mikono iliyoipeleka minyaa iirudishe, kwa hiyo tangu Jumatano napanda. Esaiga imekwenda, na chai yangu pia. Sijuti, ingawa mgongo unajuta.

Jana jioni Baba alikuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasimama upande wetu, mikono nyuma. Nikaendelea na kazi. Nilipanda miche mitatu akitazama.

"Huo wa kumi umepinda," akasema, akaenda zake.

Nikaung'oa, nikaunyosha.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama unavaa ile sweta. Esnah na mwanawe wanakusalimu. Manasseh anasema ukirudi likizo upitie kwake na maswali yako. Leo Baba amepita tena, akaniona naandika hii. Hakuniambia nikusalimie, lakini aliuliza barua ya Kampala huchukua siku ngapi. Msalimie yule Mnyankole wa chumbani kwako.

Mungu akutunze huko, akurudishe kwenye shamba lako likiwa zima.

Ndimi ndugu yako, jirani yako wa hatua sita,

Nyasani