Kitoroli cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika. Ndogo kama kiberiti kikubwa — na imeshanitia hasira. Nilitoboa bati la kitoroli nikiacha milimita 60 kati ya skrubu na skrubu. Matundu ya kompyuta yameachana milimita 58. Mbili tu! Mbili zimenila mchana mzima. Mwishowe nimeikalisha juu ya mfuniko wa kopo la chakula la Baba Watoto. Anauliza kesho atabebea nini chakula chake. Nimemwambia abebee tumboni.

Kitoroli chenyewe kiko tayari tangu mwezi uliopita: mota mbili, betri ya pikipiki, magurudumu manne. Kilichokosekana ni akili. Shangazi anafua mashuka kule hotelini, na nyonga yake haitaki tena kusukuma mizigo mibichi mita 38 hadi chumba cha pasi. Meneja kampa hadi Ijumaa: mashuka yafike kwa wakati au atamtafuta mwingine. Shangazi ndiye aliyenilea. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Inazimika! Mota zikishtuka kuondoka tu, kompyuta inakata moto, kisha inawaka upya. Inataka volti 5. Nimepima, zinashuka hadi 4.4. Mota walafi hizi, zinamnyang'anya mdogo wao tonge mdomoni. Hasira, bisibisi, hasira. Nimeitengea kompyuta betri yake peke yake. Jioni kimezunguka uani safari tisa bila kuzimika.

Shangazi alipita kukiangalia. Anasema kinatembea kama bwana harusi aliyelazimishwa.

Jumatano, 5 Machi

Aibu!

Hotelini safari ya kwanza kilienda vizuri. Ya pili nilikuwa nakisubiri mlangoni pa chumba cha pasi. Kikanipita! Kikanipita kama hakinijui, kikaingia ukumbi wa kulia, maji yanachuruzika, kikasimama katikati ya wageni wanaokunywa chai. Mpishi kauliza kama kimeshaagiza au kinasubiri mwenzake. Wageni walicheka. Meneja hakucheka.

Nimefungua kila kitu. Waya uko sawa. Betri iko sawa. Volti 5.1! Shangazi anaapa hakugusa kitu. Nimeitukana kompyuta kwa sauti, mbele za watu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata kasoro. Au tuseme, nimempata.

Asubuhi nimepima kutoka chumba cha pasi hadi pale kilipozubaa jana: mita 17. Kitoroli kinahesabu mizunguko ya magurudumu tangu kiwashwe. Kikitimiza mita 38 kinasimama. Kwa hiyo jana kilianza kuhesabu upya baada ya kwenda mita 17. Nikavuta futi kamba kutoka chumba cha kufulia. Mita 17 — mlango wa stoo ya sabuni.

— Shangazi, jana ulisimama hapa?

— Nilichukua sabuni tu.

— Na kitoroli?

— Si nilikizima, nikatoka na sabuni yangu, nikakiwasha. Mashine haiachwi inanguruma peke yake, we mtoto. Miaka yote nafua hapa, sijaunguza hata soketi.

— Ulisema hukugusa kitu!

— Kwani kuzima ni kugusa?

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Usiku mzima nimelaumu waya!

Kumkataza? Afadhali nikataze mvua. Nimeifundisha kompyuta iandike ilipofika kila nusu mita, ili ikizimwa isisahau. Mchana tumejaribu. Shangazi kakizima mara nne, moja kwa kunikomoa tu. Kila safari kimesimama mlangoni pa chumba cha pasi. Anatembea ubavuni mwake, anakipigapiga mgongoni: twende baba, twende. Nyonga yake leo hakuitaja.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimekalia ndoo iliyopinduliwa, chumba cha kufulia.

Meneja alikuja saa tatu. Shangazi kavaa aproni mpya, kasimama ubavuni mwa kitoroli. Meneja akamwambia, Mama, wewe pumzika, acha kiende chenyewe. Kikaenda chenyewe. Wapiga pasi wakapakua, kikarudi. Kimesimama sentimita 4 tu kutoka kwenye alama niliyochora sakafuni. Nilitaka kuruka!

Meneja akauliza, kwa hiyo hakihitaji mtu?

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

— Mtu wa nini! Kinaenda chenyewe, kinarudi chenyewe. Na huyu aliyekitengeneza, unajua nani kamlea? Mimi!

Kifua mbele. Hivyo hivyo.

Meneja akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akamtazama Shangazi, akakitazama kitoroli, akatoka kupiga simu. Macho ya mtu anayehesabu nayajua. Nami nikahesabu. Kufua, mashine inafua. Kupakia mzigo mmoja ni dakika sita. Wapiga pasi wako watatu, mmoja wao akija kupakia kazi hailali, hata Shangazi asipokuwepo. Nimehesabu tena, labda nimekosea. Sijakosea. Siku hizi zote natoa kasoro, natoa kasoro — haya, hakuna kasoro!

Shangazi anakunja taulo, anaimba. Hajaona kitu. Ananiambia nisiondoke na kitoroli kabla hajakifuta, kisije kikapata kutu.

Meneja amerudi, simu mkononi. Anasema mwenye hoteli yuko hewani, anataka kusikia kwa fundi mwenyewe: hiki kitu kweli kinafanya kazi bila mtu, au bado kina matatizo?

Nimemwinulia kidole, anipe dakika. Anadhani naandika vipimo.

Shangazi ameacha kukunja. Ananikonyeza. Mwambie ukweli, mwanangu, usinitie aibu.