Jibu kwenye simu mpya ya Nabintu

Appolinaire, acha yote, soma hii.

Nabintu, yule wetu wa vitenge hapa Misiera, kambini Nakivale, jana alienda Mbarara kununua simu ya WhatsApp. Za bei ndogo alizikataa. Akamwambia Mahadi mwenye duka, "Baba, nipatie yenye picha safi, wateja baone rangi." Mahadi akamuhamishia namba zote za simu ya zamani.

Leo akapiga picha ya duka lake. Kibao cha Misiera kinasomeka kabisa! Akaituma kwa namba zote mara moja. Zote, Appolinaire!

Jibu la kwanza likatoka kwa namba ya Bienfait.

Bienfait, bwana yake! Yule tuliyemzika mimi na wewe kule Fizi, Kongo! Namba yake hakuifuta, roho ilikataa. Na simu walienda nayo wale waliomuua.

Imeandikwa: "Duka nzuri, mama. Misiera ni fasi gani, iko wapi?"

Nabintu ananiuliza, "Muzee, nijibu nini?" Nikamwambia zima! Kabla hajazima ikaingia ya pili:

"Acha, mama. Tumepata mutu anajua Nakivale."

Tunafunga vitenge sasa. Tuma pikipiki kwangu, na namba ya Nabintu usiipige.