Wodi Yote ni Malaria

Jumatatu, 3 Machi
Masjala tena. Vumbi limenikaa kooni. Napekua mafaili ya wodi ya watoto, natafuta waliohisiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, ule unaoletwa na virusi. Miaka mitatu nzima — nimepata kumi na mmoja. Bosi wangu wa utafiti kafurahi, eti tuko salama. Salama!

Jumatano, 5 Machi
Leo nimesoma na vipimo, si jina la ugonjwa peke yake. Homa, degedege, mtoto hamjui mama yake, kipimo cha malaria hakikuona kitu — na chini yake daktari kaandika: malaria kali. Faili baada ya faili! Nikamfuata Miwani, daktari wa wodi hiyo, nikamwakia. Akanijibu bila kunitazama: ukiandika malaria, stoo inatoa dripu na dawa ya degedege papo hapo. Ukiandika ubongo, wanataka kwanza kibali, na huku mtoto anajirusha kitandani. Nikarudi masjala na mafaili yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kanikatalia. Nilitaka watoto hao nao wahesabiwe. Anasema utafiti unafuata kilichoandikwa, nisitie chumvi. Ripoti imekwenda na kumi na mmoja wale wale. Basi dawa ya virusi vya ubongo haitaagizwa — ya nini, na wagonjwa hatuna? Nimechukia mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 8 Machi
Binti wa kaka yangu kalazwa. Kasuku wetu! Yule anayenitania kuwa nimeolewa na mafaili. Homa tangu juzi. Nimemwinamia, akaniita mwalimu. Mimi, shangazi yake! Kipimo cha malaria: hakuna kitu. Wifi kaning'ang'ania mkono, ananiambia kwani wewe si daktari? Fanya kitu!

Degedege likaanza mbele yetu. Miwani akafungua faili, kalamu mkononi. Safari hii aliniuliza kwa upole: "Niandike nini, dada?"

Nilijua anachoumwa. Nilijua pia stoo watasema nini. Nikamwambia aandike malaria. Sauti yangu mwenyewe!

Sasa niko kwenye benchi la koridoni. Dripu inaingia, mtoto ametulia kidogo, macho bado hayamtazami mtu. Dawa yenyewe, ile ya virusi, hatuna. Wifi yuko hapa pembeni yangu, anawapigia ndugu simu mmoja mmoja. Amechangamka. Anawaambia wasihangaike kuja, madaktari wamesema ni malaria tu.