Keki ya Tabaka Kumi na Nne

Harlan na Tressa,

Msiifunike keki, chokoleti aliyoimwagia Bibi bado ni ya moto. Kuku yumo kwenye oveni, zimeni saa saba.

Harlan mume wangu, asubuhi ulimtania Bibi, mama yako: "Mama, kila siku yangu ya kuzaliwa ni tabaka kumi na nne, leo tisa? Umeanza kunibania?" Ukaondoka zako unacheka. Hukumwona baada ya hapo. Alizihesabu kwa kidole mara tatu, kisha akaniuliza polepole, "Ziko kumi na nne, sivyo, mwanangu?" Tangu uzaliwe anaioka keki hii, hajawahi kumuuliza mtu.

Nikamjibu ndiyo.

~~Tressa, oka tano nyingine uziongeze juu.~~ Hapana. Iacheni ilivyo.

Nimempeleka kwa daktari kule Dothan. Bibi anadhani tunafuata mishumaa, kwa hiyo ile iliyo kabatini ificheni.

Jioni akishakata kipande cha kwanza, atataka tuhesabu tabaka kwa sauti kama kila mwaka. Harlan, leo utahesabu wewe. Ukifika tisa, usisimame.

Mama Tressa